Foleni Iliyosimama Nyuma ya Hewa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo kwenye mlolongo wa kura ya mchujo, katika uwanja wa shule ya msingi, nimevaa fulana yenye uso wa mtu nisiyemtaka.

Chama chetu hakitumii karatasi. Mgombea husimama uwanjani, anayemtaka husimama nyuma yake, kipenga hulia, vichwa vinahesabiwa. Kipenga kikilia mara ya pili, mambo yamekwisha na asiyeridhika akalie kwao. Anayekipuliza ni mjomba wangu Nyambu, katibu wa chama wa wadi yetu, ambaye tunakaa naye ua mmoja.

Katika ndoto, kipenga ndicho kilichomvaa mjomba. Kilikuwa kimekaa juu ya dawati, kikubwa kama beberu, na mjomba ananing'inia shingoni mwake kwa kamba, miguu inachezacheza. Hakuna aliyeshangaa. Nami nilikuwa na adabu zangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Usinitikise."

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Righa, kijana wa miaka thelathini na kidogo, miwani myeusi, gari lenye spika nne. Kila anayekutana naye humwita "mwenzangu". Wa pili ni Mama Mkawasi, muuguzi mstaafu, ana miaka sabini na raba za bluu zilizopasuka kidoleni. Nyuma ya Righa walijipanga wazee wenye bakora. Nyuma ya Mama Mkawasi tulikuwa sisi, vijana, mpaka foleni yetu ikapita choo cha walimu, ikatoka nje ya ua, ikapotelea kwenye mashamba ya mkonge.

Kipenga kikakohoa. Ndani yake kile kijipunje chake kikagonga, ko, ko.

"Vijana mmekosea foleni," kikasema. "Kijana mwenzenu ni yule pale."

"Hatujakosea," nikajibu.

"Basi toeni sababu. Moja. Na isiwe ndefu, koo linaniwasha."

Swali hilohilo mjomba alikuwa ameniuliza jioni ile tukila, nikampa sababu saba kwa mkupuo mmoja, yeye akatafuna tu. Sasa nikafungua mdomo nitoe ya nane, lakini fulana ikaniwahi.

"Twende zetu kule," ikasema. Ule uso wa Righa kifuani mwangu ulikuwa ukitabasamu huku ukisema. "Umenivaa, umenilalia, leo unanikana?"

Ilikuwa kweli. Nusu yetu tulizipokea zile fulana gari lilipopita likizirusha. Fulana ni fulana. Lakini katika ndoto kila fulana inakwenda kwa mwenye uso wake, na mtu akiwa ndani. Namwona rafiki yangu Mwaluma akiburutwa, visigino vinachora mistari miwili vumbini.

"Mghanga, nishike!" anapiga kelele. "Mimi siendi! Ni nguo inayokwenda!"

"Ivue!"

"Sina nyingine!"

"Kwani umezaliwa nayo?"

Nikaivua yangu, nikaitupa chini, nikabaki kifua wazi mbele ya wadi nzima. Fulana nilipewa, kifua ni changu. Mwaluma naye akavua, kisha mwingine, kisha uwanja ukajaa vijana vifua wazi na fulana tupu zinazotambaa kwenye majani kwenda kujipanga nyuma ya Righa. Wazee wakazipisha kwa heshima.

"Jisitiri, mpwa," mjomba akanong'ona kutoka kwenye kamba yake. "Unamtia dada yangu aibu."

"Mama yangu ananijua kifua, mjomba. Ndiye aliyekinyonyesha."

Hapo msichana mmoja wa foleni yetu, Wakesho, anayesuka nywele kule sokoni, akainua mkono.

"Mama Mkawasi, bomba la kwetu litatoa maji lini?"

Mama Mkawasi akageuka. Mgombea hageuki, sheria ni kwamba unatuonyesha kisogo mpaka uhesabiwe. Yeye akageuka mwili mzima, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta mwenye homa.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ngoja nikaulize."

Akaondoka. Akapita katikati ya uwanja na zile raba zake, akaingia kwenye mkonge, asionekane tena.

Kipenga kikafurahi, kikavimba.

"Foleni hii iko nyuma ya nani?"

Tukatazama mbele. Palikuwa na hewa, na panzi mmoja.

"Sheria ya chama," kikasema, "mtu huhesabiwa kwa aliye mbele yake. Nikilia mara ya pili mama huyo hajarudi, nyote mtakuwa mmeichagua hewa. Hewa itaapishwa. Itapewa gari na dereva. Miaka mitano mtaiuliza habari za maji."

"Atarudi," nikasema.

"Wanasiasa huenda. Hawarudi."

"Huyu atarudi. Tusitoke hapa!" nikawapigia wenzangu kelele. "Asitoke mtu!"

Foleni ikakaza. Uwanja ndio uliotoka.

Sasa tumo ndani ya kibanda cha kinyozi, foleni nzima, kila mtu amekamata kiuno cha mwenzake, na kinyozi anapita akitunyoa visogo bila kuuliza. Naye Righa yupo kwenye kiti, anajitazama kiooni. Kumbe kwenye kioo pia anaonyesha kisogo tu.

"Mwenzangu," anamwambia kinyozi, "nisalimie hao walio nyuma yangu."

"Wasalimie mwenyewe, bosi. Geuka tu."

"Siwezi. Miwani haina nyuma."

Kisha kibanda kimekuwa bomba. Bomba la kwetu lenyewe, lile walilolifukia miaka ile wakapiga picha nalo. Ni kavu kama koo la aliyefunga saumu. Tunatembea ndani kwa magoti, na kipenga kinatufuata nyuma, mjomba anagongagonga kuta.

"Mama Mkawasi amepita hapa?" naliuliza bomba.

"Amepita. Ameniuliza maji yako wapi. Tangu nizikwe ni mtu wa kwanza kuniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ukweli. Hakulia wala hakuahidi. Ametoa kitambaa akafunga pale ninapovuja, akaendelea."

"Ulivuja nini nawe mkavu?"

"Vumbi," likasema bomba, na sauti yake ikaonyesha kwamba limekasirika.

Tukatokea uwanjani tena, mahali pale pale. Panzi bado yupo. Kipenga tayari kimejaza mashavu na kivuli cha mlingoti wa bendera kimeinama.

"Muda umekwisha," kikasema. "Nalia."

Nikasimama mbele yake, kifua wazi, nikafanya nilichojifunza peke yangu, bila mwalimu, bila kupigwa makofi na mtu:

Nimesimama mi wima, sitoki hapa nilipo,
Hata nikishikwa homa, nitatetemeka papo,
Aliyeondoka mama, atatukuta tulipo,
Foleni haina nyuma, mbele ni hapo ajapo.

Kipenga kikahesabu kwa vidole vya mjomba. "Mizani imetimia," kikakiri. "Vina vimo. Lakini shairi si mgombea." Na kikavuta pumzi.

Basi nikaona hapa maneno yamefika mwisho wake. Nikaingiza mkono mzima ndani ya kile kipenga, mpaka begani, nikapapasa gizani, nikakikamata kile kijipunje kinachokipa sauti. Kilikuwa cha moto na kinanidunda kiganjani kama moyo wa kifaranga. Nikakichomoa. Kwa kuwa sikuwa na shati, sikuwa na mfuko, nikakitia mdomoni.

Kipenga kikapuliza. Fffff.

Kikapuliza tena. Fffff. Wazee wakatazamana. Righa, bila kugeuka, akauliza, "Tayari, wenzangu?" na zile fulana tupu zikamjibu, "Tayari," lakini hazikuwa na vichwa vya kuhesabiwa.

Ndipo mkonge ulipotikisika, na Mama Mkawasi akatoka, raba zote mbili zimejaa tope. Tope, katika wadi ambayo haijaona maji. Akaja akasimama mahali pake, akatugeukia.

"Nimeuliza," akasema. "Mwaka huu, hapana. Mashine ya kusukuma maji iliuzwa. Anayejua ni nani aliyeiuza nimempata, na Jumamosi nitarudi kwake. Nani anakuja nami?"

Lilikuwa jibu baya. Hakuna aliyeondoka. Wakesho alikuwa analia huku ameinua mkono, nasi wengine mikono yote juu, hata ile ya Mwaluma aliyekuwa amejikumbatia kwa baridi.

Mjomba akasema, "Mpwa, sababu yenyewe ndiyo hiyo?"

Nilitaka kumwambia ndiyo, mjomba: huyu huenda, kisha hurudi. Nilikuwa na punje mdomoni. Nikatikisa kichwa juu na chini.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, na siku yenyewe ndiyo leo. Nilikuwa kifua wazi. Fulana nilikuwa nimeipiga teke ikaanguka mlangoni. Nje, mjomba Nyambu alikuwa ameshavaa koti lake la chama, anajaribu kipenga kabla ya kwenda uwanjani.

Fffff.

Kisha tena: fffff.

"Mghanga!" akaita. "We Mghanga! Nani amechezea kipenga changu? Jana kilikuwa kizima!"

Nikataka kumjibu. Chini ya ulimi wangu kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kidogo kama mbegu ya mpapai, nacho bado kina joto.

Nikafunga mdomo. Nikavaa viatu, nikachukua shati langu mwenyewe, nikampita mjomba kwa kuinamisha kichwa kama mtu mwenye jino bovu, nikaenda kupanga foleni.