Vikombe Ishirini na Vinne

Keynan alisimama mbele yangu akiwa ameshika vikombe viwili vya bati, kimoja katika kila mkono, akisubiri nimmiminie chai. Nilikuwa nimekwisha kujaza cha kwanza nilipokitambua cha pili, kile chenye uzi wa buluu kwenye kishikio.

"Hiki cha nani?"

"Cha Jelle, maalim."

"Na Jelle mwenyewe yuko wapi?"

Aligeuka kulitazama lori lililoegeshwa nje ya jiko la shule. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Alio, dereva wetu, alikuwa akitawadha kwa sala ya magharibi. Nilimwuliza kama mtoto hakuja naye mbele. Akasimama, maji yakimtiririka viwikoni.

"Mbele nimekuja peke yangu," alisema. "Wallahi, maalim, tangu pale kisimani."

Birika likaniponyoka mkononi.

Mwaka ule wa hamsini na tano nilikuwa mwalimu pekee Msomali katika shule yetu ya bweni mjini Garissa, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi na maneno mengi kuliko akili. Kila muhula ulipoanza, nilipanda lori hadi Bura kuwachukua watoto wa wafugaji. Safari yangu ya kwanza nilijaribu kuwahesabu kwa kuwanyooshea kidole. Mwanamke mmoja alikuja akakishika kile kidole, akakikunja taratibu, akanirudishia ngumi yangu kifuani. Huyo alikuwa Kaaha, mjane, mama yao Keynan na Jelle.

Kwetu mtoto hahesabiwi kwa sauti. Kumtaja kwa nambari ni kumwonyesha kwa jicho baya. Nililijua hilo tangu nilipokuwa nikinyonya, ila shule ilikuwa imenifundisha kujifanya nimelisahau.

"Unahesabu nini?" aliniuliza.

"Nataka kuhakikisha wote wapo, mama."

"Mimi nina ngamia na sijapata kuwahesabu. Nawatazama. Akikosekana mmoja, namjua ni yupi kabla jua halijapanda. Wewe uliyesoma unashindwa kuwatazama watoto?"

Wanawake walicheka, nami nikacheka nao kwa aibu. Ndipo nilipobuni vikombe. Kila mtoto alipewa kikombe chenye uzi wa rangi yake, na ubavuni mwa lori nikafunga waya. Mtoto akishuka njiani anakitundika, akipanda anakichukua. Kikombe kikibaki kwenye waya, kuna ambaye hayupo. Hakuna aliyehesabiwa, na hakuna ambaye angesahaulika. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya walimu wenzangu. Kaaha naye alivigusa kimoja kimoja, akasema, "Hili ni jambo jema." Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha nikaongeza fimbo. Ambaye kikombe chake kingechelewa kutoka kwenye waya angechapwa viboko viwili. Hilo sikuagizwa na mtu, nililitunga mwenyewe.

Siku ile ilikuwa katikati ya jilaal, kile kiangazi kinachokausha hata mate kinywani. Tulisimama kwenye kisima cha katikati ya njia, tukaswali alasiri, Alio akaijaza maji rejeta iliyokuwa ikichemka. Honi ilipolia, watoto walikuja mbio. Mimi nilisimama nyuma ya lori, fimbo kwapani. Waya ulipobaki mtupu nikapiga bodi kwa kiganja mara mbili, na tukaondoka. Sikuutazama uso hata mmoja. Niliutazama waya.

Jelle alikuwa na miaka minane, na tumbo lilikuwa likimsumbua tangu asubuhi. Alikuwa amekwenda nyuma ya vichaka. Keynan, kaka yake, alipoona kikombe chenye uzi wa buluu kimebaki peke yake, alikichukua pamoja na chake. Alidhani mdogo wake angetokea mara moja na kupandishwa mbele kwa dereva, kama alivyopandishwa asubuhi alipotapika. Haya alinieleza pale pale jikoni, huku chai iliyomwagika ikinywewa na mchanga miguuni petu.

"Nilikichukua usimchape," alisema.

Nimezeeka sasa, na sauti ile haijazeeka.

Hatukungoja kuswali. Alio aligeuza lori, tukarudi kisimani tukiita na kupiga honi hadi koo zikakauka, bila kuitikiwa. Akaniacha pale nikiendelea kuita, akaenda moja kwa moja hadi Bura, na kulipokucha alirudi na Kulow, ndugu yake Kaaha. Kulow alikuwa hajui herufi hata moja, lakini alisoma nyayo kuliko nilivyowahi kusoma kitabu. Alinitaka nitembee nyuma yake, nisiukanyage mchanga.

"Hapa alikimbia," alisema, akionyesha barabarani. Baada ya hatua kadhaa akasema, "Hapa alisimama kulitazama vumbi lenu." Kisha chini ya mgunga mdogo, "Hapa alikaa. Alikaa sana."

Mbele kidogo nyayo zile ndogo ziliiacha barabara. Kulow alipiga goti, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka.

"Ameona njia ya ngamia. Amewafuata watu. Mtoto ana akili huyu, ni wa dada yangu kweli."

Akaokota kinyesi kikavu cha ngamia, akakivunja kwa vidole. Alikitazama kwa muda, kisha akakiacha kianguke.

"Wamehama siku nne zilizopita," alisema.

Mtoto wa miaka minane anajua unyayo wa ngamia. Siku zake bado hajui kuzisoma.

Tulimkuta siku ya pili adhuhuri, ndani ya boma lililoachwa na waliohama. Alikuwa amelala karibu na majivu ya jiko la zamani, viatu vyake vya shule vimepangwa kando. Mlango wa boma ulikuwa umezibwa kwa tawi la miiba, limevutwa vizuri kutoka ndani, kama watoto wa kwetu wanavyofundishwa ili fisi wasiingie. Fisi hawakuingia. Ilikuwa kiu. Kulow aliliondoa tawi akaingia peke yake. Mimi nilibaki nje nikilia kwa sauti kama mtoto.

Kaaha alipoelezwa hakupiga ukelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Mlango wa boma nani aliufunga?"

"Yeye mwenyewe," Kulow alijibu.

"Alhamdulillahi," alisema, kisha akaketi mchangani.

Nilimwambia habari ya fimbo mimi mwenyewe, asije akaisikia kwa mtu mwingine. Nilitamani anipige, anitemee mate, aniapize. Alinitazama hadi nikainamisha kichwa.

"Wanangu walikuogopa," alisema.

Fimbo niliitia motoni. Haikunisaidia kitu.

Muhula uliofuata nilikwenda Bura bila vikombe, nimeshika daftari la majina. Keynan alikuwa nyumbani tangu maziko, na sikutarajia kumwona tena. Lakini Kaaha alikuja amemshika mkono, sanduku lake la bati kichwani.

"Mama," nilimwambia, "akibaki nyumbani, hakuna wa kukulaumu."

"Anataka kusoma. Hata yule mwingine alitaka."

Alimpandisha, kisha akapanda yeye mwenyewe kwenye lori, jambo ambalo hakuna mama aliyewahi kulifanya. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto wa kwanza, akautazama uso wake.

"Moja," alisema kwa sauti.

Wanawake waliokuwa chini walitazamana. Mmoja wao, Sharifo, alijifunika uso kwa shungi lake. Mwanawe alikuwa wa tatu. Angeweza kumshusha, wala nisingemzuia, lakini hakusogea.

"Mbili. Tatu."

Alikwenda hivyo, kiganja juu ya kila kichwa, macho ndani ya kila uso, bila haraka. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Keynan alikuwa amekaa mwisho kabisa. Kaaha alimwekea kiganja kichwani, midomo ikatikisika, sauti isitoke. Alio alizima injini. Nambari ile nilikuwa nayo ulimini, na nilijua kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kuitamka.

"Ishirini na tatu, hooyo," Keynan alimwambia mama yake.

Kaaha aliitikia kwa kichwa. Alishuka, akapiga bodi kwa kiganja mara mbili, na Alio akaliwasha lori. Nilisimama nyuma, nimewaelekea watoto, na sikuketi mpaka Garissa. Niliwatazama mmoja mmoja, kisha nikarudia tangu mwanzo. Kila nilipofika kwa Keynan, yeye alitazama pembeni.