Wawili Wasiolala

Gari moshi la mizigo lilikuwa limekwisha kupiga honi mara ya pili pale Mukuna alipozinduka na kuona mkono wake uko juu ya wenzo wa reli, ilhali wenzo wenyewe haujavutwa. Injini ilisimama mbele yake, ikihema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Dereva alitoa kichwa dirishani, akamtazama tu. Afadhali angetukana.

Kazi ya Mukuna katika kituo cha Kamina ilikuwa kuzichagulia treni njia: hii iende Ilebo, ile iende Kabalo. Baba yake, mtu wa Kasai, aliifanya kazi iyo hiyo mpaka mwaka wa tisini na tatu, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, na familia yao ikapakiwa pamoja na masufuria yao kwenye behewa. Mukuna alirudi akiwa kijana, akaajiriwa, kisha akaoa binti wa Kiluba wa huko huko Katanga, kutoka Bukama, jina lake Béthanie. Watu walisema, na waliposhiba kusema walinyamaza. Ndoa ilidumu, ikazaa mtoto mmoja wa kike, Augustine, ambaye sasa anasoma Lubumbashi.

Mvua za kwanza za mwaka huu zilimkuta Béthanie akiwa hospitalini. Za pili hazikumkuta. Tangu hapo usingizi wa Mukuna uliondoka kama mgeni aliyeudhiwa, bila kuaga.

Mkuu wake wa kazi, Yav, alimwita ofisini siku hiyo hiyo. Hakupandisha sauti.

"Mukuna, minyi mwenyewe sikufukuze. Lakini ku levie, ile wenzo, hapana tena. Utafagia kituo mpaka utalala kama bantu bengine. Na kama haiwezekane, tutaangalia namna ingine."

Mukuna alijua namna nyingine ni ipi. Akauchukua ufagio.

Kwenye zahanati, muuguzi Denise alimsikiliza, akampima, kisha akamwambia kwamba vidonge atampa mwisho, si mwanzo.

"Kafe, kisha ya saa sita, uache. Muchana usilale. Simu ibakie ku salo. Mangaribi, uoshe miguu na maji ya moto. Na usingizi ikikatala kuya, usibakie ku kitanda unapigana naye. Amuka, utoke, ikala fasi ingine, ungojee. Usingizi ni kama paka: ukiifukuza, inakimbia."

Aliyafuata masharti kama mwanafunzi aliyekwisha kufeli mara moja. Kahawa akaiacha. Simu akaiweka sebuleni chini ya kitambaa cha meza. Akaosha miguu, akaikausha hata katikati ya vidole. Sharti moja tu lilimshinda, lile la kuamka na kutoka nje. Na lilimshinda kwa sababu ya mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta.

Mama Kalunga, mamaye Béthanie, alikuja kwa matanga kutoka Bukama, ambako umri wake wote amekausha samaki na kuwauza. Matanga yalipokwisha hakuondoka, wala hakuna aliyemuuliza. Alilala chumba cha Augustine. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kambi ya reli, na kuta zake hazikufika darini. Mtu akijigeuza huku, kitanda kilisikika kule.

Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga wanaweza kugombana juu ya mengi, lakini juu ya mama mkwe wanakubaliana. Mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni. Hali chakula mbele yake. Halali mahali anapoweza kumwona. Kwa miaka yote ya ndoa wawili hao walizungumza kwa ninyi badala ya wewe, kana kwamba kila mmoja alikuwa kijiji kizima, na macho yao yalitua chini. Sasa Mukuna angeamkaje kitandani, aufungue mlango ule unaolia kama mbuzi, na kumkatiza usingizi mama aliyemzika mwanawe? Basi alilala chali bila kutikisika, akibana hata kikohozi. Kulipokucha, walisalimiana kupitia pazia.

"Mulilala muzuri, Baba Augustine?"

"Nililala, Mama. Na ninyi?"

"Nililala."

Siku moja, Mukuna akiwa kituoni anafagia, Augustine alimpigia simu. Waliongea habari za shule na za mvua, kisha binti akasita.

"Papa, Kambo aliniambia kitu. Alisema nisikuambie." Kambo ndiye bibi yake. "Halalake, Papa, hapati usingizi. Tangu Mama afe. Angependa atoke inje apige upepo kidogo, lakini anaogopa mulango. Anasema weye ndiye unalala kidogo, asikuamushe."

Mukuna aliketi juu ya rundo la mataruma ya zamani ya reli. Kwanza alicheka, peke yake, mpaka abiria mmoja akageuka. Kisha akauegemeza ufagio gotini. Majuma yote yale, watu wazima wawili walikuwa wamelala kama magogo, kila mmoja akilinda usingizi wa mwenzake, na usingizi wenyewe haukuwapo.

Alirudi nyumbani jua likingali juu. Mama Kalunga alikuwa uani, ungo wa maharagwe magotini, akichagua vijiwe. Mukuna alitoa kiti, akakiweka ubavuni mwake kwa umbali wa heshima, akaketi. Hilo hakuwa amelifanya hata siku moja. Vidole vya mama mkwe vikapunguza mwendo.

"Mama," alisema akiitazama ardhi, "minyi silalaka."

Vidole vikasimama.

"Minyi pia," alisema Mama Kalunga.

Hakuna aliyeomba radhi. Baadaye yule mama akaanza kusema, macho yake ndani ya ungo. Alisema Béthanie alikuwa mtoto mgumu kulala, na nyimbo hazikumfaa kitu. Kilichomfaa ni safari. Alimpakia katika mashua ya maneno hapo Bukama, wakashuka mto Lualaba pamoja. Kwenye kijiji cha Katoto akashuka fulani na kuku wake, mbele kidogo akapanda fulani mwenye kelele, na kabla ya kufika Malemba-Nkulu mtoto alikuwa amekwisha kulala.

"Minyi, Béthanie aliniambia ninakoroma," alisema Mukuna. "Alisema bila ile kelele, yeye hawezi kulala."

Mama Kalunga alicheka, kicheko kifupi kilichowashangaza wote wawili. Mukuna akafanya kuinuka.

"Ikala, weye," mama mkwe alimwambia.

Weye. Si ninyi. Hivyo ndivyo mtu anavyosema na mtoto aliyemzaa. Mukuna akaketi.

Mama Kalunga akaendelea kuishusha ile mashua, akiwataja abiria, sauti ikizidi kupungua, hata jina moja likakatikia nusu. Mukuna alingoja nusu ya pili. Haikuja. Alipotupa jicho, kilemba kilikuwa kimeteleza, kinywa kimefunguka, na mikono imelegea juu ya maharagwe.

Mila ilimtaka aondoke. Lakini kiti chake kilikuwa kibovu, kingelia akiinuka. Akakigeuza polepole kadiri alivyoweza mpaka akampa mkwewe mgongo na kuielekea njia. Jirani aliyepita na beseni la nguo alifungua kinywa kusalimu. Mukuna akainua kiganja. Yule mwanamke akamtazama yeye, akamtazama mama nyuma yake, akavua kandambili zake na kupita pekupeku.

Pumzi za Mama Kalunga zilipanda na kushuka. Mukuna alizisikiliza, hata asijue ni wakati gani kidevu chake kiligusa kifua. Kuku wa jirani alikuja, akapanda ungo, akadonoa maharagwe mpaka akatosheka, wala hapakuwa na mtu wa kumfukuza.