Siku Harlan Alipoomba Aanguke Yeye

Watu wa picha za sinema walipopanda milima yetu ya Kentucky, mwaka 1913, walikuja na mashine ya kuzungusha kwa mkono na sanduku zima la ndevu za kubandika. Kumbe huko mjini wanadhani sisi huzaliwa na ndevu! Walitaka picha fupi, isiyo na sauti, ya koo mbili zinazouana. Kwa hilo hawakuhangaika: sisi kina Tackett tulikaa upande huu wa kijito, kina Stidham upande ule, na makaburi pande zote mbili.

Mzee Stidham ndiye aliyemuua baba yetu, kisha homa ikamchukua kabla hajalipiziwa. Kisasi kikamwangukia mwanawe, Ansel. Kaka yangu Harlan alikubali upesi mno kuigiza anayempiga Ansel risasi, na asubuhi ile nikamwona anatia mfukoni risasi ya kweli.

"Harlan, wamesema watatoa baruti tupu!"

"Nyamaza, Delphia. Itaonekana ajali."

Nikamfuata kijitoni. Nikisema, kina Stidham watamuua kaka yangu. Nisiposema, Ansel anakufa. Nilimwomba Mungu tu.

Bwana wa picha akataka mazoezi kwanza, bunduki zikiwa tupu. Harlan alenge, bwana mwenyewe apige kelele "Paa!", Ansel aanguke. Ansel akagoma.

"Stidham haanguki mbele ya Tackett!"

"Basi jikwae," Harlan akamjibu. "Si ndivyo mnavyokimbiaga nyie?"

Watu wakacheka, hata kina Stidham wenyewe. Bwana akapiga kelele yake, na Ansel akaanguka kifudifudi, mkono mmoja majini.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia mama yake Ansel. Alikuwa anateremka na mkate wa mahindi wa mwanawe, akaona Tackett ameshika bunduki na mtoto wake yuko chini. Kikapu kikamponyoka. Yowe lile nililisikia mara moja tu kabla ya hapo, kwa mama yetu, siku alipoletewa baba. Akajitupa majini akamfunika Ansel kwa mwili wake.

"Nimalizie na mimi! Haya, nimalizie!"

Harlan akatupa bunduki, akapiga magoti kando yake. "Mama, hajafa! Ni mchezo tu, mama, mwangalie!"

"Mama, unaniaibisha," Ansel akanung'unika, uso umejaa matope.

Akampapasa mwanawe kifua na mgongo, asione damu. Kisha akaushika mkono wa Harlan, mkono uleule ulioshika bunduki, akaubusu. "Asante, baba. Asante kwa kuniachia mwanangu."

Harlan alinijia, akanitia ile risasi kiganjani. Halafu akamgeukia bwana wa picha.

"Ansel apige. Atakayeanguka ni mimi."

Oktoba picha ikaonyeshwa mjini, mtu akipiga kinanda pembeni. Tulikaa safu moja, sisi na wao, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Ndevu za bandia zilituchekesha sote, na hadi leo nawashukuru wenye ndevu zile. Kisha Harlan akaanguka pale kwenye shuka nyeupe, na yowe lile likasikika tena gizani. Ni mama Stidham, anamlilia mtoto wa Tackett, naye yuko ubavuni mwake mzima kabisa.

"Niko hapa, mama," Harlan akamnong'oneza.

"Najua," akasema, lakini hakumwachia mkono mpaka taa zilipowashwa.