Mzigo wa Mwisho Kwa Muthama

Stesheni ya Kwa Muthama ilijengwa kwa sababu ya maji. Injini za moshi zilifika hapo zikiwa na kiu, kwa hiyo wenye reli walichukua kipande cha malisho ya mzee Muthama, wakasimamisha tangi la chuma juu ya nguzo nne, na chumba cha tiketi kikafuata baadaye. Injini za dizeli zilipokuja hazikuhitaji maji yale. Watu waliyahitaji. Kila asubuhi wanawake walipanga madebe yao kwenye bomba chini ya tangi.

Mwaka wa 1978 ilikuja barua. Kuanzia mwezi uliofuata, treni ingesimama pale tu mtu akiipungia mkono. Bomba lingebaki, lakini tiketi, mizigo na karani vingeondoka. Karani huyo, Bwana Shee, aliyekuwa pia stesheni masta kwa miaka kumi na mmoja, angehamia Voi, na mzigo wowote usio na mwenyewe ungerudi Mombasa kwa treni ya Jumamosi.

Stoo ilikuwa na mzigo mmoja tu, sanduku la mbao lililofungwa kamba ya katani. Lebo yake ilisema: Ndinda Mutiso, Stesheni ya Kwa Muthama. Aliyetuma ni K. Mutiso, Mombasa. Lilikuwa limekaa wiki saba.

Shee hakuwahi kurudisha mzigo, na hakutaka kuanza na wa mwisho. Alibandika jina ukutani. Alimpa mchungaji karatasi aisome kanisani, naye mchungaji akatangaza kwamba anatafutwa msichana aitwaye Ndinda. Walipatikana wawili. Mmoja alikuwa na miaka saba. Mwingine alikuja na baba yake, akalitazama sanduku kwa hamu, kisha akasema kweli: hawana mtu Mombasa.

Jioni ya Ijumaa Shee alimweleza mkewe, Mwanamisi, aliyekuwa akifunga vyombo kwa safari.

"Msichana, msichana," Mwanamisi alisema. "Nani kakwambia ni msichana?"

"Wake za watu nawajua wote. Hakuna Ndinda."

"Unawajua kwa majina waliyopewa na mama wakwe zao. Huku bibi harusi akifika, mama mkwe humpa jina lake la hapa. La kwao analiacha mlangoni. Miaka kumi na mmoja, baba Shufaa, hujasikia hilo?"

"Sikuuliza."

"Na hiyo karatasi yako ukutani, wale wa bombani wanaisoma? Ita kwa mdomo. Karatasi haina sauti."

Kati ya wale wa bombani alikuwamo Syokau. Alikuwa ameolewa kutoka upande wa Mwingi, mbali sana, na kwa miaka tisa hakuna mtu wa kwao aliyekuja kumtazama. Kaka yake Kiilu alishuka pwani kutafuta kazi kabla Syokau hajaolewa, na habari zake zikakatika. Mwanzoni Syokau alikuwa akisimama treni ikipita, akiangalia madirishani. Siku hizi aliinama tu akajaza debe. Hakuwahi kumuuliza karani kama kuna barua yake. Alikwisha amini kwamba kwao wamemsahau.

Jumamosi alifika bombani na mama mkwe wake, Mutindi. Sanduku lilikuwa tayari nje, kando ya reli, na treni ilitarajiwa baada ya nusu saa.

"Karani, hilo ni jeneza la nani?" Mutindi aliuliza, na wanawake wakacheka.

"La stesheni yenu, mama."

"Basi lichimbie kaburi huko Voi. Huku ardhi ni ngumu."

Shee aligonga kile kipande cha reli kilichoning'inia kama kengele. Kisha, akiona haya kidogo, akaita kwa sauti yake yote:

"Ndinda! Ndinda Mutiso!"

"Niko!"

Sauti ilitoka kabla mwenyewe hajajua. Debe lilikuwa limeanguka na maji yalimfikia miguuni. Wanawake wote wakamgeukia Syokau.

"Mutiso ni baba yangu," alisema polepole.

Shee alisoma lebo. "Anayetuma ni K. Mutiso. Unamjua?"

"Ni Kiilu." Alifunika mdomo kwa leso. "Kiilu yuko hai."

Alilipapasa sanduku, akaona fundo la kamba lililozungushwa mara tatu, kama baba yao alivyofunga mizigo ya punda. Hakulifungua. Shee alileta kitabu na wino wa kidole gumba.

"Niandike jina gani, mama?"

Syokau alimtazama mama mkwe wake. Mutindi alikuwa ameinamisha macho kwenye tope.

"Andika lililo kwenye sanduku," Mutindi akasema. "Mimi nilimpa jina. Sikumnyang'anya lile lingine."

Treni ilikuja, ikasimama dakika tatu, ikaondoka bila mzigo. Shee alifunga stoo tupu, akautundika ufunguo msumarini.

Wanawake walimtwika Syokau sanduku kichwani. Alipotaka kuliinamia debe lake lililobaki chini, Mutindi alikuwa amekwisha kulijaza upya.

"Tangulia, Ndinda," alisema. "Maji ya leo nitabeba mimi."