Alama Nyekundu za Bi Hamdiya

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Lujain alikikunja kipande cha kanga kuukuu, akakitia unyevu kidogo, akafuta kinanda kuanzia funguo za besi hadi zile nyembamba za mwisho. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na ndizo dakika tano ambazo hakuna aliyemsemesha. Alhamisi hiyo alikuwa amefika katikati tu, mkono mnene wenye saa ya dhahabu ukatua juu ya funguo alizokwisha kuzifuta.

"Ahsante kwa kunisafishia, sista," mwenye mkono akasema.

Lujain alitaka kumwambia kwamba hakuwa akimsafishia yeye. Akasema, "Karibu."

Mgeni huyo aliitwa Albano, mpiga kinanda kutoka Ukonga, naye aliitwa na Bi Hamdiya ajaribiwe. Bi Hamdiya ndiye mwimbaji na mwenye kikundi cha taarab cha Waridi la Tandika, kinachofanya mazoezi uani kwake. Pia alikuwa shangazi yake Lujain, dada wa baba yake, jambo lililofanya kumpinga kuwe kugumu mara mbili. Jumamosi walikuwa na harusi Mabibo. Albano akipendeza leo, ndiye atakayekwenda kupiga badala ya Lujain, naye Lujain atabaki na kipande chake cha kanga.

Balaa lilianza wiki mbili nyuma, kinanda cha zamani kilipokufa kikanunuliwa kipya. Hiki kipya kilikuwa kinakoroma. Lujain alipogonga kwa nguvu, spika zilitoa sauti ya punda mwenye mafua. "Unapiga kama unatwanga kisamvu!" Bi Hamdiya alifoka. Lujain akapunguza mkono, hadi akawa anazigusa funguo kama anayepapasa utosi wa kichanga. Kikakoroma. Akapunguza sauti kwenye kinanda chenyewe hadi karibu na mwisho. Hapo mkoromo ukakoma, lakini spika zikaanza kuchachatika kama mafuta ya vitumbua, na muziki wenyewe ukasikika kwa mbali, mithili ya redio ya jirani.

"Na sasa umelala?" shangazi akauliza.

Kosa Lujain alilijua tangu siku ya kwanza. Miaka miwili chuoni alisomea mitambo ya sauti. Kosa lilikuwa kwenye miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, pale juu, kwenye kitufe cha kuzungusha kiitwacho geini, kinachoamua sauti iingie kwa nguvu kiasi gani kabla ya jambo lingine lolote. Kinanda cha zamani kilikuwa dhaifu, kikahitaji geini kubwa. Hiki kipya kilikuwa na nguvu zake chenyewe. Ila hakuna aliyethubutu kukigusa kitufe hicho, kwa sababu Bi Hamdiya alikuwa ameweka alama kwenye vitufe vyote kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, siku ambayo sauti yake ilitoka vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Tangu hapo, aliyesogeza kitufe nje ya alama alihesabiwa kuwa adui wa familia. Jabiri, msimamizi wa miksa, alikuwa akikaa nayo mikono mapajani. "Mie mlinzi tu," alikuwa akisema.

Si kwamba Lujain hakujaribu kusema. Alirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu mara saba, akaufuta mara saba. Jumatatu akajaribu njia ya mzunguko. Alimmiminia shangazi yake chai ya tangawizi hadi ikajaa, kisha akaendelea kumimina, taratibu, akimtazama usoni.

"Unaona, shangazi? Kikombe ni kizuri, chai ni nzuri. Ila inayoingia ni nyingi mno."

Bi Hamdiya alitazama chai ikitiririka mezani. "Mwanangu," akasema kwa huruma, "kumbe hata birika vidole vyako haviliwezi."

Kesho yake akampigia simu Albano.

Sasa Albano alikunja mikono ya shati, akakitia kinanda sauti ya kutosha, akapiga utangulizi kwa mbwembwe. Punda mwenye mafua akalia. Kuku wawili wakaruka ukutani.

"Kumbe hata wewe!" Jabiri akacheka.

"Si mie, braza. Sista amekiharibu," Albano alisema. "Kinanda kikizoea mkono mbaya, ndo hivyo. Ila nyumbani ninacho changu cha zamani. Jumamosi naja nacho."

"Basi yamekwisha," Bi Hamdiya akasema. "Utapiga wewe. Lujain atatubebea nyaya."

Lujain aliondoka mahali pake, akaenda kwenye miksa, akaizungusha geini kurudi nyuma, mbali na alama nyekundu, hadi mwisho.

"We mtoto," Bi Hamdiya akanong'ona.

Lujain akarudi kwenye kinanda. Albano akampisha bila kuombwa. Lujain akaweka sauti ya kinanda kwenye robo tatu, akamwambia Jabiri, kwa sauti ndogo, "Pandisha geini polepole nikiwa napiga. Taa nyekundu ya miksa ikikonyeza, rudisha kidogo, uache hapo." Kisha akapiga kile kipande chenye kelele kuliko vyote, mikono miwili, kama anatwanga kisamvu kwelikweli. Jabiri alipandisha huku amefumba jicho moja. Taa ikakonyeza. Akarudisha.

Sauti ikatoka safi. Besi ilitembea, violini za bandia zikalia kwa adabu, na Bi Hamdiya, kabla hajajizuia, akaingiza ubeti wa kwanza. Akaimba hadi mwisho wa ubeti, akakumbuka kwamba amekasirika, akanyamaza.

"Nani kakufundisha?"

"Chuo, shangazi."

"Na wiki mbili zote hizi unanitazama tu? Mbona hukusema?"

"Nilisema. Kwa chai."

Jabiri akalala juu ya spika kwa kucheka. Albano naye akaanza kukunjua mikono ya shati, ila taratibu, kama mtu anayesubiri kubembelezwa.

"Hata mie nilitaka kusema ni geini," akasema.

"Nyamaza, Albano." Bi Hamdiya aliisogelea miksa, akaitazama alama yake nyekundu iliyobaki peke yake, kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake. "Alama ile niliweka mwenyewe, na siku ile ilikuwa sawa kabisa. Kwa hiyo kilichokosea ni nini? Kinanda? Hebu sema kwa mdomo, usiniletee birika."

Lujain akainua uso.

"Kinanda hakina kosa, na vidole vyangu havina kosa. Umekosea wewe, shangazi. Na Jumamosi napiga mie."