Kutu Katika Tangi la Baba

Kazi yangu ni kushona nguo. Kitambaa kikikataa kukaa vizuri mwilini huwa najua kwa nini, na nikijua nakifumua. Gari la baba lilinifanya nijione mjinga katika uwanja wa nyumba yetu wenyewe, na mimi ujinga siupendi hata kidogo.

Ni gari la zamani, limenizidi umri, lenye pua ndefu na tangi la mafuta lililolala ndani ya buti. Mdomo wa kujazia uko nje, ubavuni kwa nyuma. Baba alibeba abiria kwa gari hilo maisha yake yote ya kazi, na ndilo lililotulea. Sasa mambo yanamtoka kichwani moja baada ya jingine. Jina langu limeshapotea. Ananiita "mama", kama alivyoniita utotoni, nami sijui kama ni mapenzi au anabahatisha. Lakini dada yake bado anamkumbuka. Kila akiamka anauliza, "Tunakwenda lini kwa dada?"

Shangazi magoti yamemkatalia safari. Nilitaka nimpeleke baba kwake kabla hajamsahau na yeye. Shida ni kwamba baba hapandi gari la mtu. Tulimletea teksi, akakaa chini palepale mlangoni, akasema gari analo.

Basi ilikuwa lazima gari litembee, nalo lilikuwa likikohoa mara mbili tatu na kuzima. Nikamwita fundi tunayemwita Nyundo, kwa sababu kitu cha kwanza anacholifanyia gari lolote ni kuligonga. Alifungua chujio la mafuta, likatoka tope la rangi ya chai.

"Tangi limeoza, dada," akasema.

Tulilishusha. Ukilitikisa, kutu ililia ndani kama njugu kwenye kopo. Tukatia siki, kokoto na kipande cha mnyororo, tukalibingirisha uwanjani, yeye upande huu na mimi upande ule, mpaka mikono ikafa ganzi. Tukalisuuza, tukalianika juani, akaziba matundu, akalirudisha. Gari likawaka. Mama yangu alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Siku ya safari tulifika kona ya barabara yetu, likazima.

Nyundo akakinga mafuta kwenye chupa nyeupe. Petroli ilikaa juu, chini yake kukatulia maji safi.

"Hukulikausha!" nikamjia juu. "Mimi nguo yenye unyevu siipigi pasi, wewe unarudisha tangi lina maji?"

"Haki ya Mungu lilikuwa kavu, dada."

Akakilaumu kituo cha mafuta. Tukabadilisha kituo, maji yakaja. Akasema ni mvua inayopenya kwenye kifuniko. Nikamwonyesha vumbi la uwanjani, nikamuuliza mvua gani. Akabadilisha mpira wa kifuniko hata hivyo, na maji yakaja. Mwishowe akatengeneza tangi jipya kabisa, la bati lisilojua kutu ni nini. Baada ya siku chache tukakinga tena kwenye chupa. Maji.

Nyundo alikaa juu ya tairi, akavua kofia. "Mimi sielewi. Labda lina jini."

Sikucheka. Asubuhi ile baba alikuwa amesema, "Tunakwenda lini kwa... kwa yule..." Akalitafuta neno, akalikosa, akanitazama mimi nimsaidie. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kesho yake niliamka mapema kumalizia koti la mteja. Dirisha la chumba cha kushonea linatazama uwanja. Nikamwona mama anajaza jagi bombani, anampa baba. Baba akaenda mbele ya gari, akaipapasa boneti, akasimama kama mtu aliyeingia chumbani na kusahau alichofuata. Kisha akazunguka nyuma, akafungua kifuniko cha mafuta, akamimina taratibu, tone lisimwagike.

Nilitoka mbio, uzi ungali mdomoni.

"Mama! Anafanya nini?"

"Si analitilia gari lake maji? Kila asubuhi. Mimi humjazia jagi, namshukuru Mungu amepata la kufanya."

"Anatilia wapi?"

"Kwenye gari. Mimi nitajuaje midomo ya magari?"

Nilimgeukia baba nikiwa nimevimba kwa hasira. Akanishika mkono.

"Mama, usisafiri gari halijanywa maji," akasema. "Likikuchemkia njiani, utafanyaje peke yako?"

Hasira ikaniishia. Nililia palepale, na mama akalia bila kujua kosa lake ni nini.

Tulijaribu kumfichia jagi. Baba alizunguka gari asubuhi nzima akisema halijanywa, na kuingia akakataa katakata. Nilirudi kwenye koti la watu, na ndilo lililonifungua macho. Makoti mengine nayashonea kifuniko cha mfuko ambacho nyuma yake hakuna mfuko. Mwenye koti anakipapasa, anaridhika. Nikampigia simu Nyundo.

Alicheka, lakini alifanya. Mdomo wa tangi jipya akauhamishia ndani ya buti, tunajazia humo. Ule wa nje akauunganisha na mpira unaoshuka mpaka chini, usiogusana na tangi mahali popote.

Asubuhi ya safari baba alimimina jagi zima. Maji yalipita, yakatiririka ardhini katikati ya magurudumu, naye akainamisha sikio akasikiliza.

"Limeshiba," akasema, akaingia mwenyewe, akafunga mlango.

Nikashika usukani, na njia nzima gari halikukohoa. Mimi ndiye niliyekuwa nakosa pumzi, maana baba hakumtaja dada yake hata mara moja, na nilipomuuliza tunakwenda wapi alitabasamu tu.

Shangazi alikuwa ameketi kibarazani. Alitutazama tukishuka, akaanza kufuta macho kwa upande wa kanga.

"Umekawia, ndugu yangu. Nilisema umenisahau."

Baba alisimama mbele yake. Alimtazama muda mrefu, mimi nimemshika kiwiko, sithubutu kumtajia neno.

"Sikukusahau, dada," akasema. "Gari lilikuwa na kiu."