Barabara ya Miti, Toleo la Harusi

Nina wimbo mmoja tu. Wanamuziki wengine wa Bukavu wana kumi, wana ishirini, hata wale wasiojua kukaza nyuzi za gitaa. Mimi nina mmoja, unaitwa "Barabara ya Miti", na kwa miaka thelathini kila mtu ameuimba isipokuwa mimi. Nimechoka nao jinsi mtu anavyochoka na mgeni aliyekuja kwa siku mbili akahamia.

Matoleo yake nimeyasikia yote. Kuna kijana mmoja aliyeurekodi kwa kompyuta, akaukimbiza mbio, na pale pa kuita jina akaita la muuza magodoro mmoja. Hilo ndilo toleo baya kuliko yote, nilisema siku hiyo, nikazima redio. Toleo bora, ukinibana, ni la kwaya moja ya Nyantende. Maneno ya mapenzi waliyatoa yote. Msichana wa wimbo, yule wa kijiji cha Miti aliyenikataa hadi nikarudi mjini kwa miguu, kwenye mvua, wakamgeuza Bikira Maria, wakauimba wakati wa sadaka. Lakini jina waliliacha mahali pake. Gitaa zinanyamaza, ngoma inapiga mara mbili, kwaya nzima inaita "Joviale!", halafu waumini wanakwenda mbele na sadaka zao wakicheza. Padri aliwauliza huyo Joviale ni mtakatifu wa nchi gani. Wakamjibu kwamba hawajui, ila bila yeye wimbo hauendi.

Na kweli hauendi. Katika muziki wetu mwimbaji hutupa mabanga, yaani huita majina ya watu katikati ya wimbo, kwa kawaida wakubwa, ili wavimbe vichwa. Siku ya kurekodi mimi sikuwa na mkubwa yeyote. Nilikuwa na dada yangu mdogo, Joviale, miaka kumi na tisa, aliyekuwa akituletea sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, kwenye mazoezi na kututukana tukipiga vibaya. Basi nikaita jina lake, kwa utani, na kwa shukrani ya zile sambaza. Miezi mitatu baadaye alipanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Idjwi kununua mananasi. Ukapinduka. Wenzake wanne walipatikana. Yeye hajaonekana mpaka leo.

Kwa hiyo mama yangu hana kaburi la kwenda. Ana wimbo. Maman Madeleine ana miaka themanini na sita, hali samaki wa ziwa tangu mwaka ule, na kila nikirudi kutoka harusini ananiwahi kabla sijavua viatu, kuuliza kama waliupiga na kama waliita jina.

"Baliupiga?"

"Baliupiga, maman."

"Baliita?"

"Baliita."

Hapo ndipo anaponiruhusu kukaa. Mimi niliacha kuimba mwaka ule ule, sasa natengeneza spika pale mtaa wa Kadutu. Kazi yangu ya pili, isiyo na likizo, ni kumletea mama habari kwamba binti yake ameitwa. Wakati mwingine nilimdanganya. Wimbo haukupigwa, nami nikasema umepigwa, ili nipate kula.

Mwezi uliopita nilimwoza binti yangu Élodie. Siku hizi, tangu vita viingie mjini, harusi zetu ni za mchana, maana kila mtu anataka awe nyumbani kwake kabla ya giza, na benki zilipofungwa hata karamu zilipungua. Lakini orkesta ilikuwepo, ya kijana anayeitwa Steve, fundi mzuri wa kuiga nyimbo za wengine. Mama, ambaye hajatoka nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya magoti, alisema atakwenda. Alishonesha kitenge kipya.

"Safari hii nitasikia na masikio yangu," alisema. "Nimechoka kukuuliza."

Siku nne kabla ya harusi alinijia Papa Floribert, baba wa bwana harusi. Ni mtu wa ofisi, miwani, adabu nyingi. Alikunywa chai yangu yote ndipo akasema kilichomleta.

"Papa Poly, unisamehe, ni kitu kidogo. Ule dada yako alikufa mu maji. Kuita mufu siku batoto banaanza nyumba yabo, bazee ya kwetu hawatakubali. Bapige wimbo, iko muzuri sana. Lakini pale pa jina, batie Élodie. Si inaingia vizuri?"

Nilikubali hapo hapo. Ningependa kusema nilibishana naye, lakini sikubishana. Nilisikia wepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Harusi moja tu bila maji, bila mtumbwi, bila "baliita?" Nani angenilaumu?

Nikampigia Steve simu; kwa vijana wa orkesta mimi ni tonton, mjomba.

"Tonton, batu bamezoea Joviale," alisema.

"Batazoea Élodie."

"Sawa, tonton. Weye njo mwenye wimbo."

Kwa mama sikusema neno. Nilijiambia kwamba sikio lake moja limekufa na la pili limechoka, kwamba kutakuwa na kelele, kwamba nitamwambia waliita naye ataamini kama anavyoamini siku zote. Ukitaka kujua uchovu unamfanyia nini mtu, ndiyo hiyo.

Siku ya harusi alinizimia mipango yangu mapema. Alikataa kiti cha mbele walikoketi wazee, akaomba awekwe karibu na spika. Nilimwambia itamuumiza kichwa.

"Kichwa ni yangu," alisema. Akakaa, soda mkononi, akaanza kungoja.

Alingoja keki ikatwe. Alingoja zawadi, hotuba ya Papa Floribert kwa Kifaransa na hotuba ya mtu aliyeitafsiri. Saa tisa Steve akapiga ule mwanzo wa gitaa, na watu wakasimama na vitambaa vyao. Mimi niliegemea nguzo, mbele ya mama kidogo kwa upande, na sikuweza kumtazama. Steve aliimba vizuri, lazima nikiri. Aliimba barabara, aliimba mvua, aliimba viatu mkononi. Nilitamani courant ikatike, umeme wote uzimike. Siku ambayo ungeihitaji ikatike, haikatiki.

Gitaa zikanyamaza. Ngoma mara mbili. Steve akavuta pumzi, akaita kwenye maikrofoni, "Élodie!"

Hakuna aliyemsikia. Ukumbi mzima uliita "Joviale!" Waliita kwa mazoea, mikono juu, watu mia mbili ambao hawajui alikuwa nani, wasiojua sambaza wala mtumbwi. Élodie mwenyewe aliita, shela imekaa upande, mdomo wazi hadi nyuma. Papa Floribert aliita. Glasi mkononi, macho yamefumbwa, akarudi kuwa kijana wa chuo kikuu aliyekuwa akiucheza wimbo ule miaka yake yote ya masomo. Kisha akafumbua macho, akaniona, akakumbuka, akajifanya anakohoa. Steve akacheka, akaachia gitaa, ukumbi ukawaka.

Nilishusha pumzi. Nikaona Mungu amenisamehe kwa bei rahisi. Wimbo ulipokwisha na wanamuziki wakaenda kula, nikainama kwa mama huku natabasamu.

"Umesikia, maman? Baliita bote."

"Nimesikia." Alikuwa ameshika ile soda kwa mikono miwili. "Hata ule papa wa miwani aliita."

"Hata yeye."

"Nilikuwa nakuangalia kinywa," alisema. "Batu bote baliita. Weye tu njo haukuita."

Nikasema nilikuwa nimechoka. Nikasema sauti yangu imekufa. Aliendelea kunitazama kinywa, na katika kungoja kwake niliona kitu ambacho sikuwahi kukihesabu. Tangu siku ya ule mtumbwi sijawahi kulitamka lile jina. Nimesema dada yangu, nimesema marehemu, nimesema "baliita". Jina lenyewe niliwaachia waimbaji, wabaya kwa wazuri, halafu nikakaa kuwapima.

"Ita," alisema mama.

Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Kulikuwa na sahani zikigongana, na mtu akipaza sauti kuomba pilipili.

"Joviale," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, yenye kikohozi ndani, ikavunjika katikati. Yule kijana wa magodoro aliita vizuri kuliko mimi.

Mama aliweka soda chini, akanigeuzia lile sikio lake zima.

"Tena," alisema.